Bakapu za hifadhidata isiyofungwa: shajara ya mradi wetu wa SACCOS, Moshi

Shajara hii ni ya wale wanaotunza hifadhidata ndogo zinazobeba fedha na kumbukumbu za watu: SACCOS, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), maduka ya dawa, shule. Naongeza sehemu kila hatua inapokamilika, ili mwenye kazi kama yetu achukue kinachomfaa na akwepe kilichotuangusha.

Mazingira yetu ni haya. Chama cha akiba na mikopo mjini Moshi, seva moja ofisini, mfumo endeshi Debian 12, programu ya hifadhidata PostgreSQL 15. Hifadhidata ina GB 38 hivi. Sehemu kubwa ni picha za vitambulisho na fomu za mikopo zilizoskaniwa. Miamala yenyewe haifiki GB 5. Dirishani kazi huanza saa mbili asubuhi na kuisha saa kumi jioni, lakini wanachama huweka akiba kwa simu usiku na mchana, kwa hiyo hakuna saa ambayo tunaweza kuzima mfumo tukanakili kwa raha zetu.

3 Machi 2025: Tulichokikuta

Bakapu ilikuwapo. Kila usiku saa nane kron (inayoendesha kazi kwa ratiba) iliendesha pg_dump (zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala ya hifadhidata), matokeo yakapitishwa kwenye gzip (ya kubana mafaili), faili likawekwa kwenye diski ya pili ya seva ileile. Majina ya mafaili yamepangika vizuri, hakuna tarehe iliyorukwa. Ukitazama ukubwa ndipo unashtuka: kuanzia katikati ya Februari kila faili lina baiti 20. Hizo ndizo baiti ambazo gzip hutoa ikipewa kitu kitupu.

Chanzo ni kwamba nywila ya mtumiaji wa bakapu ilibadilishwa, pg_dump ikawa inakataliwa mlangoni. Amri zikiunganishwa kwa bomba (alama ya |, matokeo ya moja yakiingia kwenye nyingine), mfumo huangalia ya mwisho tu kama imefaulu. Hapa ya mwisho ni gzip, nayo ilimaliza kazi yake salama, basi kron ikaona mambo shwari. Dawa ni mstari mmoja juu ya skripti ya bash:

`set -o pipefail`

Sisi tumeacha bomba kabisa. Sasa ni `pg_dump -Fc -f faili.dump`, ambayo hubana yenyewe, na ikishindwa inasema imeshindwa.

Kwenye uhakiki pia kuna mtego. Maelekezo mengi yanasema pima bakapu kwa `pg_restore --list`. Amri hiyo husoma yaliyomo, na yaliyomo yako mwanzoni mwa faili. Nililikata faili zima katikati kwa makusudi, nikalipitisha hapo, orodha ikatoka kamili bila lalamiko. Kipimo chenye maana zaidi ni `pg_restore -f /dev/null faili.dump`, maana kinasoma faili lote hadi mwisho. Lile lililokatwa kililikataa papo hapo.

Mengine kwa ufupi: pg_dump haichukui watumiaji wa seva na ruhusa zao za jumla, kwa hiyo tunaongeza `pg_dumpall --globals-only` kila usiku. Ndani ya crontab (faili la ratiba za kron) alama ya % lazima itanguliwe na \, la sivyo amri inakatika hapo. Gharama hadi sasa ni muda tu.

6 Machi: Tunaweza kupoteza dakika ngapi?

Kabla ya kuchagua zana tulikaa na mhasibu mkuu pamoja na makeshia. Swali lilikuwa moja: mfumo ukirudi nyuma saa kadhaa, ninyi mtaweza kuandika upya nini?

Mhasibu mkuu alifungua kitabu cha risiti, akageuza kurasa zenye maandishi ya bluu ya kaboni. "Ya dirishani, mwanangu, nakuandikia yote hata ikiwa ya siku nzima. Hizi hapa. Ya simu karatasi yake iko wapi?"

Tukaona kazi iko mafungu matatu. La kwanza lina karatasi. La pili, miamala ya simu, halina karatasi kwetu, ila taarifa inapatikana kwa kampuni za simu. Kulinganisha mstari kwa mstari ni kazi ya siku nzima, lakini inawezekana. La tatu ndilo lililotuamulia. Mkopo ulioidhinishwa, mdhamini aliyebadilishwa, namba ya simu iliyosahihishwa, nani alibonyeza na saa ngapi: haya hayako popote nje ya hifadhidata. Yakipotea, hata kujua kwamba yamepotea ni shida.

Tukakubaliana kwamba hasara isizidi dakika tano, na mfumo urudi kazini ndani ya saa mbili. Naamini hapa ndipo pa kuanzia. Ukianza na zana, utapangiwa na zana. Wanaojua kinachoweza kuandikwa upya ni watu wa dirishani.

12 Machi: pg_dump ya kila saa, na madirisha yaliyoganda

Jaribio la kwanza lilikuwa jepesi: ile pg_dump ya usiku iendeshwe kila saa. Haikufaa, na sababu zake zinafaa kuelezwa, kwa sababu wengi wataijaribu.

pg_dump ikianza hupata taswira moja ya hifadhidata nzima ya wakati ule, na wengine wanaendelea kuandika bila kuzuiwa. Hiyo ni sifa yake. Lakini kwetu ilichukua kama dakika 40, ikisoma zilezile picha za vitambulisho ambazo hazijabadilika tangu mwaka juzi. Diski ikawa haipumziki. Isitoshe, muda wote huo PostgreSQL haiwezi kusafisha mistari ya zamani ambayo taswira ile bado inaihitaji, na majedwali yenye miamala mingi yakaanza kuvimba.

Kilichotukomesha kilikuja saa tano asubuhi. Sasisho la programu ya mikopo lilileta amri ya ALTER TABLE (ya kubadilisha muundo wa jedwali) wakati pg_dump iko katikati. pg_dump hushika kufuli jepesi kwenye kila jedwali, kufuli ambalo halimsumbui mtu anayesoma wala kuandika. ALTER TABLE inataka kufuli zito, kwa hiyo ikasubiri pg_dump imalize. Sasa kila ombi jipya kutoka dirishani, hata la kusoma salio, likapangwa nyuma ya ALTER TABLE inayosubiri. Hakuna aliyekuwa amekosea, lakini madirisha yote yaliganda na ukumbi ukajaa watu.

Tulimpata mshikaji wa foleni kwa ulizo hili:

`select pid, pg_blocking_pids(pid), state, query from pg_stat_activity where wait_event_type = 'Lock';`

Tukaiua pg_dump, foleni ikatiririka mara moja. Tangu hapo sasisho lolote linatanguliwa na `set lock_timeout = '3s'`, ili likikosa nafasi lijiondoe lijaribu baadaye. Na pg_dump imerudishwa usiku, mara moja tu. Bado ina kazi yake: ndiyo nakala inayoweza kufunguliwa kwenye toleo jipya zaidi la PostgreSQL au kwenye mashine ya aina nyingine. Ila ya kila dakika tano si yake.

24 Machi: Kuhifadhi WAL

Kila badiliko PostgreSQL huliandika kwanza kwenye logi yake, WAL, ndipo likafika kwenye majedwali. Logi hiyo iko katika vipande vya MB 16. Ukiwa na nakala moja kamili ya mafaili ya hifadhidata, pamoja na vipande vyote vya WAL vilivyofuata bila kukosa hata kimoja, unaweza kurudi kwenye dakika yoyote unayotaka. Kunakili kunakuwa kwa kinachobadilika tu, si kwa GB 38.

Tulinunua NAS (hifadhi inayofikiwa kwa mtandao) ya diski mbili, tukaiweka chumba kingine, kisha kwenye postgresql.conf, faili la mpangilio wa PostgreSQL:

`archive_mode = on`
`archive_timeout = 300`
`archive_command = 'test ! -f /mnt/nas/wal/%f && cp %p /mnt/nas/wal/%f'`

Mstari wa kwanza unadai seva iwashwe upya. Tulifanya usiku, haikuchukua hata dakika. Wa pili ndio zile dakika tano: hata kipande kisipojaa, kinafungwa na kupelekwa. Kila kipande kina MB 16 hata kikiwa na muamala mmoja, na kwa dakika tano tano ni vipande 288 kwa siku, yaani GB 4.6. Inatisha, lakini tangu toleo la 11 sehemu isiyotumika hujazwa sifuri, kwa hiyo ikibanwa inasinyaa sana.

Nakala kamili ya kuanzia tulichukua Jumapili kwa pg_basebackup, zana ya PostgreSQL ya kunakili mafaili yote seva ikiwa kazini. Kuna aliyependekeza tunakili folda ya data kwa rsync (zana ya kawaida ya kunakili mafaili) wakati seva inafanya kazi. Tuliijaribu kwenye mashine ya majaribio huku miamala ya kubuni ikiendelea: mara ya kwanza PostgreSQL ilikataa kuwaka. Mara nyingine iliwaka, lakini jedwali moja halikusomeka. Hiyo ya pili ndiyo ya kuogopa zaidi. Msifanye.

5 Aprili: Umeme ulikatika, na archive_command ikaonyesha udhaifu wake

Wiki hii imetufundisha mawili, na yote mawili yametokana na ule mstari wa cp, yaani amri ya kunakili faili.

La kwanza. Umeme ulipokatika, seva ilibaki hai kwa UPS (betri ya akiba), lakini NAS haikuwa na UPS. Ilizimika cp ikiwa katikati, ikaacha kipande pungufu kwenye folda. Umeme uliporudi, `test ! -f` ikaona faili lenye jina hilo lipo, ikakataa. Ni sawa kukataa, maana kufuta bakapu iliyopo kwa bahati mbaya ni hatari zaidi. Lakini PostgreSQL haiendi kwenye kipande kinachofuata mpaka hiki kikubalike, na haifuti WAL isiyopelekwa. Folda ya pg_wal ikawa inanenepa tu. Tulipoiona ilikuwa na GB 11. Diski ingejaa, hifadhidata ingesimama.

Kipande kamili kina baiti 16,777,216. Kile cha kwenye NAS kilikuwa na chini ya nusu. Tulikifuta pale kwenye NAS (kile cha pg_wal hakiguswi kamwe), na foleni yote ikasogea yenyewe.

La pili lilijificha zaidi. Siku nyingine seva na NAS vyote vilizimwa, na seva ikawahi kuwaka. NAS ikawa haijaunganishwa, kwa hiyo /mnt/nas ilikuwa folda ya kawaida kwenye diski ya seva yenyewe. cp ikaandika humo kwa furaha, PostgreSQL ikaambiwa tayari. Bakapu ikawa inakaa diski moja na hifadhidata. Na baadaye NAS ilipounganishwa, mafaili yale yakafichika chini yake, ikawa kana kwamba hayajawahi kuandikwa. Tuliyapata kwa kuitenganisha NAS tena. Yalikuwa yote, tukayahamisha, mnyororo ukaunga. Kingekosekana kimoja tu, vyote vilivyofuata visingefaa kitu mpaka nakala kamili mpya ichukuliwe.

Gharama: UPS ndogo ya NAS, Sh 280,000.

12 Aprili: pgBackRest badala ya skripti zetu

Tungeweza kuendelea kuiwekea viraka ile cp: angalia NAS imeunganishwa, andika kwa jina la muda kisha badilisha jina, hakiki, bana. Mwisho wake ni kuandika upya programu ambayo wenzetu wameshaiandika na kuipima miaka mingi. Tumehamia pgBackRest. Ni ya bure na iko kwenye hazina ya Debian.

`[global]`
`repo1-path=/mnt/nas/pgbackrest`
`repo1-retention-full=4`
`repo1-cipher-type=aes-256-cbc`
`compress-type=zst`
`archive-async=y`

`[saccos]`
`pg1-path=/var/lib/postgresql/15/main`

Na archive_command ikawa `pgbackrest --stanza=saccos archive-push %p`. Ikikuta folda tupu badala ya hazina yake, inakataa na kupiga kelele, kwa hiyo lile tatizo la pili limekwisha. Kipande pungufu pia hakiachi.

Ratiba ni nakala kamili usiku wa Jumamosi, ya tofauti kila usiku mwingine, na WAL mfululizo. Nakala za tofauti huchukua mafaili yaliyobadilika tu tangu ile kamili. Picha za vitambulisho haziguswi tena, na kazi iliyokuwa dakika 40 imekuwa dakika chache. Zina faida nyingine katika kurejesha: badala ya kurudia WAL ya wiki nzima, unarudia ya siku moja.

17 Aprili: Jaribio la kwanza la kurejesha

Tumenunua kompyuta ya mezani iliyotumika, ya kurejeshea tu. Sharti nililoweka ni kwamba seva halisi ihesabiwe imeungua: hakuna kuchungulia humo kutafuta nywila wala faili la mpangilio, isipokuwa neno la kufungulia nakala tulilolinakili mapema.

Kabla ya hapo tuliunda jedwali dogo tunaloliita mapigo. Kila dakika kron huandika humo saa ya sasa. Ukirejesha, `select max(saa) from mapigo` inakwambia papo hapo umerudi mpaka dakika gani. Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye shajara hii, chukua hicho.

Shida ya kwanza ilikuwa saa. Keshia alituambia tufanye kana kwamba kosa limetokea saa nne na dakika arobaini asubuhi. Tukaandika lengo `10:40:00`. Mashine ya majaribio ilikuwa kwenye UTC (majira ya dunia, saa tatu nyuma yetu), ikaelewa 10:40 ya UTC, ambayo hapa ni saa saba na dakika arobaini mchana. Hifadhidata ikarudi ikiwa na kosa lilelile ndani. Jedwali la mapigo ndilo lililotuumbua. Sasa tunaandika majira kila mara:

`pgbackrest --stanza=saccos --type=time --target="2025-04-17 10:39:00+03" --target-action=promote restore`

Shida ya pili sikuitegemea. Hifadhidata imewaka, hesabu za miamala zimelingana hadi senti, tukaanza kushangilia. Kisha keshia akatafuta mwanachama wa ukoo wa Nyang'oro. Hayupo. Akatafuta kwa namba ya uanachama, akamkuta, na jina lake limeandikwa vilevile.

Mashine ile ilikuwa na Ubuntu 18.04, na PostgreSQL ilikuwa imetoa onyo kwenye logi kwamba toleo la mpangilio wa herufi halilingani. Maana yake ni hii: faharasa za maandishi (orodha zilizopangwa ambazo hifadhidata hutumia kutafuta haraka) hupangwa kwa kanuni za glibc, maktaba ya msingi ya Linux, na kanuni hizo zilibadilika sana katika toleo la 2.28. Ubuntu 18.04 ina 2.27, Debian 12 ina 2.36. Moja ya mabadiliko ni namna alama kama ritifaa zinavyohesabiwa katika kupanga. Faharasa ilipangwa kwa kanuni mpya, ikatafutwa kwa kanuni za zamani. Majina yenye ng' yakatafutwa mahali yasipo. Kwetu huku majina hayo ni mengi, kwa hiyo onyo hilo si la kupuuzwa. Data haikuharibika. Ungeweza kuiponya kwa REINDEX, yaani kuunda upya faharasa za hifadhidata nzima, lakini tumechagua njia safi: mashine ya kurejeshea inaendesha Debian 12, sawa na seva. Tulirudia, na Nyang'oro akapatikana.

Kurejesha kote kulichukua kama robo saa kutoka NAS. Muda mwingi zaidi ulikwenda kwenye kusakinisha programu ya SACCOS yenyewe, kwa hiyo sasa kisakinishi chake na mafaili yake ya mpangilio navyo vinaingia kwenye bakapu.

Gharama: NAS na diski zake Sh 1,900,000, kompyuta iliyotumika Sh 650,000.

10 Mei: Nakala ya Arusha, na suala la ufunguo

Moto ukitokea ofisini, seva na NAS vinaondoka pamoja. Tulihitaji nakala mbali. Hifadhi za nje ya nchi ni rahisi kukodi, lakini humu mna vitambulisho, mishahara na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Bodi ikaona ni heri zibaki hapa. Tawi letu la Arusha lina chumba kinachofungwa na faiba. Tukaweka kompyuta ndogo yenye diski mbili kuwa hazina ya pili ya pgBackRest. Nakala kamili ikibanwa ni GB 21. Kwa kasi yetu ya kupakia, Mbps 10, hiyo ni karibu saa tano, na usiku wa Jumamosi unatosha.

Tatizo lilionekana faiba ilipokatika kati ya miji hii miwili. Kwa archive-async (kupeleka WAL pembeni, kila hazina kivyake), NAS iliendelea kupokea WAL. Lakini PostgreSQL haifuti kipande mpaka hazina zote mbili zikiri kukipokea, basi pg_wal ikaanza tena kunenepa. Kuna mpangilio wa `archive-push-queue-max`: foleni ikizidi kiasi hicho, pgBackRest inaacha kuvipeleka vipande na kuiambia PostgreSQL vimefika, ili diski isijae. Maana yake unakubali pengo kwenye bakapu ili dirisha lisifungwe. Tulijadiliana sana. Tumeweka GB 60, na tahadhari ikifika GB 10, ili mtu awe na siku nyingi za kutengeneza kabla ya pengo. Pengo likitokea, nakala kamili mpya inachukuliwa hapo hapo.

Sasa ufunguo. Nakala zote zimesimbwa, na neno la kuzifungulia liko kwenye pgbackrest.conf, ndani ya seva. Seva ikiungua, tunabaki na diski mbili zilizojaa takataka. Tulilichapa kwenye karatasi, bahasha moja kwenye sefu ya Moshi, nyingine kwa mwenyekiti. Tulipojaribu kurejesha kwa kulisoma kutoka kwenye karatasi, likakataa. Lilikuwa la base64 (herufi kubwa, ndogo na tarakimu zilizochanganyika), lenye O na 0, l na I, na kwa hati ile ya printa hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Tumeunda hazina upya kwa neno lililotokana na `openssl rand -hex 32`, ambalo lina tarakimu na herufi a hadi f tu, tukalichapa katika makundi ya herufi nne nne. Keshia mmoja alilisoma, mwingine akaandika, likafungua mara ya kwanza.

Pia kila mwisho wa mwezi pg_dump moja inaingia kwenye diski ya nje, inachomolewa, inafungiwa sefuni. Mdukuzi aliyeingia kwenye seva anaweza kufika NAS na Arusha. Kwenye diski iliyochomolewa hafiki.

Gharama: kompyuta ya Arusha Sh 900,000, diski ya nje Sh 230,000.

28 Juni: Nani anaambiwa?

Mwezi huu tumeshughulikia ukimya. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayowahifadhia watu msimbo wa programu, ilifuta folda ya hifadhidata yake kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia bakapu, walikuta pg_dump ilikuwa inashindwa, kwa kuwa toleo lake, 9.2, halikulingana na seva ya 9.6. Barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa njiani. Walinusurika kwa taswira ya diski iliyochukuliwa saa sita kabla. Kampuni ile ilieleza yote hadharani, jambo la kuheshimiwa, na baiti zetu 20 ni ndugu wa kisa hicho.

Kwa hiyo hatutegemei onyo la kushindwa peke yake. Skripti kwenye kompyuta ya kurejeshea, si kwenye seva, inasoma `last_archived_time` kutoka pg_stat_archiver. Ikipita dakika 15, ujumbe mfupi unakwenda kwa watu wawili. Jedwali la mapigo linasaidia hapa pia, maana PostgreSQL haifungi kipande kama hakuna kilichoandikwa, na bila mapigo usiku mtulivu ungetuamsha bure. Na kila siku saa sita na nusu mchana ujumbe wa "bakapu salama, pigo la mwisho saa fulani" unamfikia mhasibu mkuu. Usipofika, ananipigia. Ameshanipigia, na kumbe salio la ujumbe mfupi lilikuwa limekwisha.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kompyuta ile inarejesha yenyewe, inalinganisha jumla za akiba, na kuandika muda iliyotumia.

14 Agosti: Riba iliyowekwa mara mbili

Leo mfumo umetumika kwa kweli. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi kazi ya kuweka riba ya akiba iliendeshwa mara ya pili. Masalio yakapanda, na programu ikafuta kiasi na tarehe ya riba iliyotangulia kwa kila mwanachama, bila kuacha kumbukumbu. Mwanachama mmoja alileta simu yake dirishani baada ya saa tano asubuhi: "Dada, hii hela ni yangu kweli?"

Shauku ya kwanza ya kila mtu ilikuwa turudishe mfumo nyuma. Lakini tangu saa tatu watu wameweka, wametoa, mikopo imeidhinishwa. Kuirudisha hifadhidata yote kungefuta kazi halali ya asubuhi. Tulirejesha kando, kwenye ile kompyuta, hadi `09:19:00+03`. Mapigo yakasema 09:18 (hapa kwetu saa tatu na dakika kumi na nane). Kisha tukachukua jedwali la riba peke yake kwa `pg_dump -t`, tukaliingiza kwenye seva kwa jina lingine, tukalinganisha mwanachama kwa mwanachama.

Nilikuwa tayari kufuta maingizo ya ziada. Mhasibu mkuu alikataa: "Hatufuti kwenye vitabu. Tunaandika ingizo la kusahihisha, mkaguzi aone lilipoingia na lilipotoka." Ndivyo tulivyofanya. Waliokwisha kutoa fedha za ziada ni wachache, na wamepigiwa simu. Dirisha halikufungwa hata dakika moja.

Programu sasa inazuia riba ya kipindi kilekile kuwekwa tena.

30 Agosti: Hesabu, na kinachofuata

Vifaa vyote ni Sh 3,960,000. Programu ni za bure. Faiba ya Arusha ilikuwapo tayari, kwa hiyo haimo. Bodi imeidhinisha fungu la kubadilisha diski za NAS kila baada ya miaka mitatu, hata kama hazijalalamika.

Kazi inayofuata ni kuzitoa picha za vitambulisho ndani ya hifadhidata na kuziweka kwenye hazina yake yenye bakapu yake. Baada ya hapo tutapima PostgreSQL 17, ambayo pg_basebackup yake inaweza kuchukua nakala za nyongeza bila zana ya ziada. Majaribio yataanza kwenye kompyuta ya kurejeshea, na matokeo nitayaongeza hapa.